Mahututi si Chumba: Kutoka Kongamano la Brussels hadi Lafey

Takriban kila mwaka, mnamo mwezi wa Machi, maelfu ya madaktari na wauguzi kutoka pembe zote za dunia hukusanyika mjini Brussels, Ubelgiji, katika Kongamano la Kimataifa la Huduma kwa Wagonjwa Mahututi na Tiba ya Dharura. Kongamano hilo liliasisiwa na Profesa Jean-Louis Vincent katika miaka ya 1980, na ni miongoni mwa mikutano mikubwa kabisa ya taaluma hiyo. Humo hujadiliwa mashine za kupumulia, maambukizi yaliyoenea katika damu, majeraha ya ubongo, na kila jambo linalomhusu mtu ambaye uhai wake umefikia ukingoni.

Msomaji wa jarida la Kiswahili ana haki ya kuuliza mkutano wa matabibu wa Ulaya unamhusu vipi. Jibu linalotolewa na makala haya ni kwamba unamhusu kwa njia mbili. Kwanza, neno lililobeba taaluma hiyo nzima katika Kiswahili, yaani mahututi, lina historia na maana zinazostahili kuchunguzwa upya. Pili, uamuzi unaofikiwa Brussels haumfikii mgonjwa wa mahali kama Lafey, kaskazini mashariki mwa Kenya, ila kwa kupitia lugha. Na lugha hiyo, mara nyingi, ni Kiswahili.

NENO LENYEWE

Mahututi ni kivumishi kisichochukua viambishi vya upatanisho. Husemwa mgonjwa mahututi, wagonjwa mahututi, hali mahututi. Kimsingi neno hili hueleza hali ya mtu: amezidiwa, yu taabani, maisha yake yamo hatarini. Halisemi amelala wapi. Mtu aliye mahututi anaweza kuwa kitandani kwake, chini ya mti, au juu ya machela katikati ya safari.

Hata hivyo, katika matumizi ya siku hizi neno hili limefungwa ndani ya kuta. Magazeti na redio za Kenya zimelizoesha katika kirai "chumba cha wagonjwa mahututi", kiasi kwamba wengi wakilisikia huona mlango wa kioo, mipira iliyoingizwa kooni na mitambo inayolia. Pale ambapo chumba hicho hakipo, ni rahisi kuamini kwamba tiba yake nayo haipo. Juu ya hilo, neno limebeba pia uzito wa kukata tamaa. Jamaa akiambiwa kwamba mgonjwa wake ni mahututi, huanza kuwaza kuwaita ndugu walio mbali kabla ya kuuliza ni kitu gani kinaweza kufanywa.

Inashangaza kwamba wanaisimu hawalitumii neno hili kwa namna hiyo. Wanapozungumzia lugha mahututi, wanakusudia lugha inayopaswa kukimbiliwa: irekodiwe, ifundishwe watoto, iandikiwe kamusi. Kwao mahututi ni wito wa kutenda. Maana hiyo ya wanaisimu iko karibu zaidi na tiba ya kisasa kuliko ile ya magazeti.

MIKONO YA WANAFUNZI

Ili kuelewa jinsi chumba kilivyolimeza neno, inafaa kurejea Copenhagen, Denmark, mwaka 1952. Majira hayo mji ulikumbwa na mlipuko mkubwa wa ugonjwa wa kupooza, yaani polio. Katika hospitali ya Blegdam, wagonjwa waliopooza misuli ya kupumua walikuwa wakifa karibu wote. Katika majuma matatu ya mwanzo walikufa 27 kati ya 31. Mashine za wakati huo zilikuwa chache na hazikutosha kwa lolote.

Mnamo Agosti 27 mwaka huo, daktari wa usingizi Bjørn Ibsen alimhudumia msichana wa miaka 12 aliyekuwa akikata roho. Njia ya hewa ilitobolewa kooni mwake, ukapitishwa mpira, kisha Ibsen akamsukumia hewa kwa mfuko uliobanwa kwa mkono. Msichana akanusurika. Lakini nani angebana mifuko hiyo usiku na mchana kwa wagonjwa makumi kwa makumi? Waliitwa wanafunzi wa udaktari, wapatao 1500 kwa jumla ya kipindi chote, wakakaa kwa zamu kando ya vitanda, wakibana na kuachia, wakibana na kuachia. Idadi ya vifo ilishuka sana. Mwishoni mwa 1953 Ibsen alifungua wodi ambayo wengi huihesabu kuwa ya kwanza duniani ya aina yake.

Jambo la kuzingatia hapa ni mpangilio wa matukio. Kilichotangulia ni watu, mikono, na uamuzi wa kumwangalia mgonjwa bila kumwacha. Chumba kilikuja baadaye, na mashine zilizochukua nafasi ya mikono ya wanafunzi zilikuja baadaye zaidi. Kadiri miaka ilivyosonga, mashine ndizo zilizokuwa alama ya taaluma, na nchi zikaanza kupimwa kwa idadi ya vitanda vyenye mitambo.

Kwa kipimo hicho Kenya haikufua dafu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020, wakati wa janga la korona, ulihesabu vitanda 537 vya wagonjwa mahututi nchini na mashine 256 za kupumulia. Kaunti zilizokuwa na angalau chumba kimoja cha namna hiyo zilikuwa 22 kati ya 47. Mpango wa serikali wa kukodi vifaa vya hospitali, ulioanza mwaka 2015, ulikuwa umepeleka mitambo katika kaunti nyingi, ila baadhi ilibaki imefunikwa kwa kukosa wataalamu, umeme au maji. Mtambo usio na muuguzi ni samani tu.

LAFEY

Lafey ni mji mdogo katika Kaunti ya Mandera, karibu na mpaka wa Somalia. Ni jina pia la eneobunge lenye wadi tano: Sala, Fino, Lafey, Warankara na Alungo Gof. Wakazi wake ni Wasomali, wengi wao wafugaji wa ngamia na mbuzi wanaohama kufuata maji na malisho. Kutoka mji wa Mandera hadi Nairobi kwa barabara ni zaidi ya kilomita 1000. Katika enzi ya Mkoa wa Kaskazini Mashariki, hospitali ya mkoa ilikuwa Garissa, nayo haiko karibu hata kidogo.

Umbali si tatizo pekee. Novemba 22, 2014 abiria 28 wa basi waliuawa karibu na Mandera, na siku kumi baadaye wachimba mawe 36 wakauawa huko Kormey. Kufuatia mashambulizi hayo, walimu na wahudumu wa afya wengi wasiokuwa wenyeji waliondoka katika eneo zima. Mwaka 2016 mji wa Mandera ulipatwa na kipindupindu na homa ya chikungunya kwa wakati mmoja. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba chikungunya peke yake iliwaangusha takriban nusu ya wahudumu wa afya. Kisha Aprili 12, 2019, madaktari wawili kutoka Kyuba walitekwa nyara mjini Mandera wakielekea kazini na askari mmoja aliyewasindikiza akauawa. Wenzao waliokuwa Mandera, Wajir na Garissa wakahamishwa. Ni vigumu kufikiria mahali ambapo dharura ni nyingi na wa kuikabili ni wachache kuliko hapo.

Hata Garissa, iliyo karibu zaidi na Nairobi, ilionja ugumu huo. Aprili 2, 2015, chuo kikuu cha mji huo kilishambuliwa na watu 148 wakauawa, 142 kati yao wakiwa wanafunzi. Majeruhi walipelekwa kwanza katika hospitali ya mji, na waliozidiwa wakasafirishwa kwa ndege hadi Nairobi. Baina ya kitanda cha Garissa na uwanja wa ndege, kulikuwa na watu waliolazimika kuamua nani atangulie na nani asubiri. Kazi hiyo ya kuamua ina jina la Kifaransa, triaji, litokanalo na kitenzi chenye maana ya kuchambua. Inahusishwa sana na Dominique Jean Larrey, daktari wa upasuaji katika majeshi ya Napoleon, aliyesisitiza kwamba askari atibiwe kwa uzito wa jeraha lake bila kujali cheo. Kiswahili hakikosi neno: watu wa Pwani na visiwani huchambua karafuu, wa mashambani huchambua pamba, na uchambuzi wa majeruhi ungeeleweka bila kamusi. Tatizo ni kwamba wanafasihi wamekwisha kuliteka neno uchambuzi, na pengine daktari ataogopa kufikiriwa kwamba anahakiki riwaya.

YALIYOTOKA KWETU KWENDA BRUSSELS

Upo mwelekeo wa kudhani kwamba maarifa hushuka kutoka makongamano ya Ulaya kuja Afrika kama mvua. Ushahidi unaonyesha kwamba maji haya hupanda pia.

Kwa miaka mingi ilikuwa kanuni ya kimataifa kwamba mtoto mwenye homa kali ambaye damu yake haizunguki vizuri amiminiwe haraka kiasi kikubwa cha maji ya dripu. Kati ya 2009 na 2011, watafiti wakiongozwa na Profesa Kathryn Maitland wa Kilifi waliijaribu kanuni hiyo kwa watoto 3141 katika hospitali za Kenya, Uganda na Tanzania, miongoni mwao Mbale, Soroti na Muheza. Hospitali hizo hazikuwa na mashine za kupumulia. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2011 yaliwashtua wataalamu. Miongoni mwa waliomiminiwa maji kwa haraka, zaidi ya 10 katika kila 100 walifariki katika saa 48 za mwanzo; miongoni mwa waliopewa maji polepole tu, walifariki 7 hivi katika kila 100. Utafiti ulisimamishwa kabla ya muda wake ili watoto wengine wasidhurike. Wapo waliopinga, wakisema hali ya hospitali zenye mashine ni tofauti, na ubishi huo haujaisha. Lakini tangu hapo hakuna mtaalamu makini anayetundika dripu bila kujiuliza mara mbili.

Mfano wa pili unawagusa akina mama. Katika sensa ya 2019, wastani wa vifo vya uzazi nchini Kenya ulikadiriwa kuwa 355 kwa kila vizazi hai 100,000, na Garissa ikakadiriwa kuwa na 641, idadi kubwa kuliko kaunti zote. Damu inayomwagika baada ya kujifungua ni miongoni mwa sababu kuu. Mwaka 2023 yalitangazwa matokeo ya utafiti uliofanywa katika hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini. Kifaa chake kikuu kilikuwa karatasi ya plastiki iliyotengenezwa kama mfuko, yenye alama za vipimo, inayowekwa chini ya mzazi ili damu ionekane ni kiasi gani badala ya kukisiwa kwa macho. Damu ikifika alama iliyowekwa, mkunga hasubiri: anakanda tumbo la uzazi, anatoa dawa za kulikaza na za kuzuia damu, anaweka dripu, anachunguza chanzo, na kumwita mwenzake mwenye ujuzi zaidi. Hayo yote hufanywa kwa mkupuo mmoja. Uvujaji mkubwa wa damu na madhara yake makuu yalipungua kwa kiasi cha asilimia 60. Hakuna mtambo unaolia katika maelezo hayo, na hakuna kitu ndani yake ambacho hakiwezi kuwekwa kwenye kabati la zahanati ya Warankara.

Mifano hii miwili inaeleza kwa nini fikra za wataalamu zimeanza kubadilika. Mwaka 2021 wataalamu zaidi ya 250, baadhi yao wakifanya kazi Muhimbili, Dar es Salaam, walikubaliana juu ya orodha ya matendo 40 ya msingi ambayo kila mgonjwa mahututi anastahili kufanyiwa katika hospitali yoyote. Ni matendo ya kawaida: kumpima mapigo na pumzi, kumlaza kwa ubavu aliyepoteza fahamu ili ulimi na matapishi visimzibe, kumpa oksijeni, kumzuia asivuje damu, kumwita msaidizi. Mwaka 2023 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio la kuunganisha huduma za dharura, za wagonjwa mahututi na za upasuaji. Na utafiti mkubwa uliochapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2025, uliofanywa katika hospitali 180 za nchi 22 za Afrika, ulikuta kwamba mmoja kati ya wagonjwa wanane waliolazwa alikuwa mahututi, kwamba zaidi ya theluthi mbili ya mahututi hao walikuwa katika wodi za kawaida, na kwamba mmoja kati ya watano alifariki ndani ya juma moja. Waliopata tendo la msingi walilolihitaji, kama vile oksijeni, walikuwa kiasi cha nusu tu.

Wagonjwa hao wa wodi za kawaida hawakuonekana kuwa mahututi kwa sababu hawakuwa chumbani. Hapa ndipo sayansi ya karne hii inapokutana na sarufi ya zamani ya Kiswahili: mahututi ni hali ya mtu, popote alipo.

MNYORORO WA MANENO

Tuseme mama amejifungua kambini, safari ya saa kadhaa kutoka Lafey, na damu haikomi. Mkwewe anaeleza kwa Kisomali: dhiig, damu, degdeg, upesi. Kijana mwenye simu anamweleza dereva wa ambulensi kwa Kisomali au kwa Kiswahili. Ikiwa muuguzi wa zamu ametoka bara, anapokea habari kwa Kiswahili, anaiandika kwa Kiingereza, na maelekezo yake yanarudi kwa njia ileile mpaka kwa mkwe aliyeketi kando ya mgonjwa. Kiswahili kimekaa katikati ya mnyororo huo. Pete ya katikati ikikatika, ncha zote mbili hubaki zikining'inia.

Kukatika kwenyewe si jambo la nadharia. Chukua neno mshtuko. Tabibu hulitumia kutafsiri hali ambapo mzunguko wa damu umelegea kiasi cha viungo kukosa oksijeni. Bila hatua ya haraka, mgonjwa hufa. Mwananchi akisikia mshtuko hufikiria hofu: mtu aliyeshtushwa na habari mbaya au kishindo. Waandishi wa habari nao huandika mshtuko wa moyo kwa maana nyingine kabisa. Muuguzi akimwambia mkwe kwa simu kwamba mama "ana mshtuko", mkwe anaweza kumtuliza kwa maneno mazuri na kumpa chai. Angeambiwa "damu yake imepungua mwilini, mlaze chali, mfunike asipate baridi, msiache kumkanda tumbo", angejua la kufanya. Kamusi ya Tiba ya TUKI iliweka msingi wa istilahi kwa wanaosoma tiba. Kinachotakiwa sasa ni maneno ya amri, yanayosikika vizuri kwenye simu yenye mtandao hafifu na kueleweka na mtu ambaye Kiswahili ni lugha yake ya pili au ya tatu.

Kisomali nacho kina ya kumfundisha mtafsiri. Neno neef humaanisha pumzi, na pia humaanisha mnyama mmoja wa mfugo, kama tunavyosema kichwa kimoja cha ng'ombe. Mgeni anayejifunza Kisomali kwa kamusi ya mfukoni, akiambiwa katika dharura kwamba neef imepungua, ana njia mbili za kuelewa, na moja itampeleka zizini.

Kwa upande wa sheria, msingi upo. Ibara ya 43 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inakataza mtu yeyote kunyimwa matibabu ya dharura, na Sheria ya Afya ya 2017 inafafanua kwamba matibabu hayo yanajumuisha huduma kabla ya kufika hospitalini, kuituliza hali ya mgonjwa, na kumpangia rufaa pale kituo kinaposhindwa. Katiba hiyohiyo, katika Ibara ya 7, inakifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi mbili. Vifungu hivi viwili havijawahi kukutanishwa ipasavyo. Mtu ana haki ya huduma kabla ya kufika hospitalini, lakini huduma hiyo, kwa mgonjwa aliye mbali na barabara, kwa kiasi kikubwa ni maneno ya mtu mwingine yanayopita kwenye simu.

Barani Afrika, wataalamu wa tiba ya dharura wamekuwa na mikutano yao tangu lilipoundwa shirikisho lao mwaka 2009: Accra mwaka 2012, Addis Ababa 2014, Cairo 2016, Kigali 2018. Idara za Kiswahili nazo zina mafunzo ya tafsiri, na kila mwaka wanafunzi hutafuta matini za kufanyia tasnifu. Wengi huishia kutafsiri hadithi fupi au kuhakiki tafsiri ya mtu mwingine. Orodha ya matendo 40 si ndefu, na sehemu kubwa yake tayari ina maneno: njia ya hewa, mapigo ya moyo, joto la mwili, kulaza kwa ubavu, kuzuia damu. Yanayosumbua ni machache. Mshtuko unahitaji kupata mwenzake asiyechanganya. Triaji inasubiri kuamuliwa kama ibaki na vazi lake la Kifaransa au ichukue uchambuzi. Na kile kifaa kidogo kinachobanwa kidoleni kupima oksijeni hakijapata jina moja linalokubalika, wauguzi wengi hunyoosha kidole tu na kusema, "Leta ile ya kidole."